Mama anameza kalsiamu na mafuta ya samaki kwa pamoja. Ni salama?

Shikamoo mfamasia,

Naishi Tanga na mama yangu mzazi, mwenye miaka 66. Mwaka jana aliteleza uani akienda kuanua nguo, akaangukia mkono, kifundo kikavunjika. Kuanguka kwenyewe wala hakukuwa kukubwa. Daktari wa mifupa alipotazama picha alisema mifupa yake imeanza kuwa myepesi, akamshauri ale vyakula vyenye kalsiamu, atembee na aote jua. Dawa ya mifupa hakuandika.

Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Aliposikia habari hizo akaanza kututumia virutubisho kila anapopata mtu wa kumpa mzigo. Kuna chupa ya kalsiamu: mbele imeandikwa 600 mg, lakini nyuma kwa maandishi madogo nimesoma calcium carbonate 1500 mg na vitamin D3 400 IU. Sijui nishike namba ipi. Chupa ya pili ni ya mafuta ya samaki, zile kapsuli za rangi ya dhahabu. Mbele ina picha ya samaki na maneno Cod Liver Oil. Nyuma imeandikwa vitamin A 800 µg na vitamin D 5 µg kwa kila kapsuli. Kaka amesema mama ameze kalsiamu mbili na mafuta matatu kwa siku, maana ni mtu mzima na mifupa imeshachoka.

Mama anapenda kumaliza mambo yake mapema. Akishaswali alfajiri anavipanga vyote kwenye kisahani: kalsiamu mbili, mafuta matatu, kidonge cha goita (alifanyiwa upasuaji wa goita miaka mingi iliyopita na anatumia levothyroxine kila siku), vidonge vya presha ambavyo ni amlodipine na kile cha kukojoa, hydrochlorothiazide, pamoja na aspirini ndogo. Anavimeza vyote kwa mkupuo na chai ya maziwa.

Majuzi wifi yangu alitutembelea, akakiona kile kisahani, akashtuka. Anasema kalsiamu na mafuta havipatani, vinagandana tumboni kama sabuni, na mtu anaishia kuwa na mawe kwenye figo. Tangu siku hiyo mama hana raha. Leo anameza, kesho anaacha. Kaka naye kwenye simu analalamika kwamba wifi anatutisha bure na kwamba pesa yake inapotea. Nimebaki katikati.

Kuna jambo jingine, sijui kama linahusika. Miezi ya karibuni mama amekuwa mchovu, anajifunika khanga mbili wakati sisi tunatoka jasho, na choo chake kimekuwa kigumu. Kliniki walipima TSH, kipimo cha damu cha tezi ya shingo, wakasema iko juu, wakampandishia dozi ya kidonge cha goita kutoka 75 hadi 100. Walituuliza kama anameza dawa vizuri, tukajibu ndiyo, hakosi hata siku moja. Virutubisho hatukuvitaja, tuliona si dawa.

Naomba unisaidie. Hivi viwili vinaweza kwenda pamoja? Na Ramadhani ikifika tufanyeje, maana mama anafunga?

Mtoto wa mama, Tanga


Marahaba mwanangu. Pole kwa kumuuguza mama, na ahsante kwa kuninakilia maandishi ya nyuma ya chupa. Watu wengi huniandikia tu kwamba chupa ni nyeupe yenye kifuniko chekundu, nami hapo sina la kusema. Wewe umenipa kitu cha kushika.

Swali lako la kwanza jibu lake ni fupi. Kalsiamu na mafuta ya samaki vinaweza kutumiwa na mtu mmoja, siku moja, hata kwenye mlo mmoja. Hakuna mgongano wa hatari unaojulikana kati yake. Tena vyote viwili vinataka chakula. Kalsiamu ya aina aliyonayo mama, yaani carbonate, inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na asidi hiyo hutoka kwa wingi mtu anapokula. Mafuta nayo hufyonzwa vizuri zaidi yakikuta mafuta mengine ya mlo, na mtu hacheui shombo kama anavyocheua akiyameza tumbo tupu. Kama tumbo la mama linajaa gesi akimeza vyote pamoja, kimoja kiende na chakula cha mchana na kingine na cha usiku. Hilo ni la kumpunguzia usumbufu tu.

Wifi yako msimkasirikie. Alichosema kina chembe ya kweli. Kalsiamu ikikutana na mafuta ndani ya utumbo, sehemu ndogo hushikana nayo, na kitu kinachotokea ni jamii ya sabuni kweli, kisha kinatoka na choo. Jambo hilo hutokea hata mtu akila chapati na kushushia maziwa. Hakigandi tumboni, hakisafiri kwenda kwenye figo, na kwa vipimo vya kawaida kinachopotea ni kidogo mno. Mawe ya figo yana habari yake, nitaifikia.

Kinachonitia wasiwasi kwenye kisahani cha mama ni kile kidonge kidogo cha goita.

Levothairoksini ni homoni, na hupimwa kwa mikrogramu. Mama alikuwa anameza mikrogramu 75, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Ndani ya funda lilelile anameza miligramu 1200 za kalsiamu, na juu yake chai ya maziwa yenye kalsiamu yake. Kalsiamu huinasa homoni hiyo tumboni kabla haijafyonzwa, na kiasi fulani hutoka na choo bila kuufikia mwili. Kwa hiyo mlipojibu kliniki kwamba hakosi hata siku moja mlisema kweli, lakini homoni iliyokuwa inafika kwenye damu huenda ilikuwa pungufu ya ile iliyoandikwa kwenye boksi. Homoni ikipungua, ubongo hupaza sauti kwa kuongeza TSH. Uchovu, kuhisi baridi na choo kigumu ni dalili za kawaida za hali hiyo. Choo kigumu kinaweza pia kuletwa na kalsiamu yenyewe. Siwezi kuthibitisha haya kwa barua, lakini mpangilio unafanana sana na ninaoujua, na kliniki wakielezwa watauona mara moja.

Kanuni inayotumika ni kuacha angalau saa nne kati ya levothairoksini na kalsiamu. Hiyo ni pamoja na vidonge vya kiungulia vya kutafuna, ambavyo baadhi yake ni calcium carbonate ingawa hakuna anayevihesabu. Vidonge vya madini ya chuma navyo vina tabia hiyohiyo.

Sasa hapa nataka usome polepole. Kliniki walimpandishia mama dozi hadi mikrogramu 100 bila kujua habari za kalsiamu. Mkitenganisha saa, homoni itaanza kuingia kwa wingi zaidi, na dozi ile iliyoongezwa inaweza kugeuka kuwa kubwa mno kwake. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio au hupiga bila mpangilio, mikono hutetemeka, usingizi hukata, uzito hupungua. Na jambo ambalo familia yenu inapaswa kulijua zaidi ya zote: homoni ya goita ikizidi kwa muda mrefu hula mifupa. Mtu anaweza kumeza kalsiamu kwa ajili ya mifupa huku dozi iliyopitiliza inaidhoofisha.

Kwa hiyo wiki hii nendeni kliniki na chupa zote mbili mkononi. Waelezeni kwamba virutubisho vilikuwa vinamezwa pamoja na kidonge cha goita, tangu lini, na kwamba sasa mnataka kuvitenganisha. Wao ndio wataamua kama abaki kwenye 100 au arudi 75. TSH hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa homoni hii hukaa mwilini siku nyingi na kipimo cha kabla ya hapo hakisemi ukweli wote. Kutenganisha saa mnaweza kuanza leo, siku chache hazitamdhuru. Kisichofaa ni kutenganisha kimya kimya na kukaa miezi bila kupima. Na huku kumeza leo na kuacha kesho kukome kabisa, kwa sababu kunafanya kiwango cha homoni kipande na kushuka, na daktari atabaki anakimbizana na namba.

Moyo ukianza kwenda mbio au kifua kikamuuma, hapo msisubiri siku ya kliniki.

Kuna swali moja mlipeleke pia. Nyuma ya tezi ya shingo kuna tezi nyingine ndogondogo nne zinazosimamia kalsiamu ya damu. Wakati wa upasuaji wa goita zinaweza kuumia, na wagonjwa wa namna hiyo huandikiwa kalsiamu ya maisha. Ulivyonieleza, kalsiamu ya mama ilianza na kaka yako, wala si daktari wa upasuaji. Thibitisheni. Kama kuna cheti cha zamani chenye kalsiamu, basi hiyo ni dawa, na asiipunguze wala kuiacha bila ruhusa ya daktari. Mtu wa hali hiyo kalsiamu ikishuka huanza kuhisi ganzi na michomo kuzunguka midomo na kwenye vidole, kisha misuli hukaza.

Nije kwenye chupa ya dhahabu. Maneno Cod Liver Oil maana yake ni mafuta ya ini la samaki, ini la samaki wa bahari za baridi za kaskazini. Mafuta ya samaki ya kawaida, yanayoandikwa Fish Oil au Omega-3, hukamuliwa kwenye mwili wa samaki. Duka linayaweka rafu moja, na picha mbele ya chupa inafanana, lakini ini huhifadhi vitamini A kwa wingi na mwili wa samaki hauko hivyo. Kila kapsuli ya mama ina mikrogramu 800. Tatu ni 2400 kwa siku. Mamlaka za afya za Uingereza huwashauri wanawake waliokwisha kukoma hedhi wasizidishe mikrogramu 1500 za vitamini A kwa siku, chakula na virutubisho vikijumlishwa, kwa sababu vitamini A ya aina hii ikizidi kwa miaka inahusishwa na mifupa kuvunjika kwa urahisi. Mama yako yuko kwenye kundi hilohilo wanalolisemea, na mfupa mmoja umeshavunjika. Kaka alituma kwa mapenzi, lakini mafuta haya, kwa kapsuli tatu, yanafanya kinyume cha alichokusudia. Yawekeni pembeni. Na kama nyumbani kwenu mnapika maini kila wiki, hata kapsuli moja asitumie. (Na wewe mwenyewe, au mwanamke yeyote mwenye mimba au anayetafuta mimba, asiiguse chupa hiyo. Vitamini A nyingi humdhuru mtoto aliye tumboni.)

Vitamini D nayo inaingia kwa milango miwili. Mikrogramu 5 ni sawa na IU 200 (IU ni kipimo kingine cha vitamini), hivyo kapsuli tatu ni 600. Vidonge viwili vya kalsiamu vinaongeza 800. Jumla ni 1400, chini ya IU 4000 ambazo ndizo kikomo cha mtu mzima, kwa hiyo sina hofu nayo. Nimepiga hesabu hiyo ili uone jinsi kitu kimoja kinavyojirudia katika chupa mbili bila mtu kujua. Akitokea jamaa mwingine na multivitamini, itakuwa milango mitatu.

Kama bado mnataka awe na mafuta ya samaki, tafuteni yasiyo na vitamini A, kisha msitazame 1000 mg iliyoandikwa mbele. Hiyo ni jumla ya mafuta. Kinachofanya kazi ni EPA na DHA, aina mbili za omega-3, na kapsuli ya kawaida ya miligramu 1000 huwa na 180 za EPA na 120 za DHA, yaani 300 tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya haioni tatizo la usalama kwa mtu mzima hadi gramu 5 za EPA na DHA kwa siku. Hata hivyo vipimo vikubwa vya gramu kadhaa vimeonekana kuongeza uwezekano wa moyo kupiga ovyo, na mgonjwa ambaye homoni yake ya goita bado haijatulia hana sababu ya kujaribu hilo. Kwa aspirini ndogo anayotumia, kapsuli moja ya kawaida si tatizo. Tazameni tu kama anapata michubuko bila kugongwa, damu puani au choo cheusi kama lami.

Mimi kwa maoni yangu singetumia pesa huko. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa watu 25,871, ambamo waliopewa mafuta ya samaki walimeza gramu moja kila siku kwa takriban miaka mitano, haukuonyesha kwamba yanapunguza kwa kiwango cha kuaminika mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa pamoja. Na kwa mifupa hayajathibitishwa kuzuia kuvunjika. Mnaishi Tanga. Vibua mara mbili kwa wiki, wa kuchoma au wa nazi, wanampa mama mafuta hayohayo pamoja na protini, ambayo mifupa na misuli ya mtu wa miaka 66 inaihitaji sana.

Sasa namba zako mbili za kalsiamu. Shika 600. Hiyo 1500 ni uzito wa chumvi nzima ya calcium carbonate, na ndani yake kalsiamu yenyewe ni asilimia 40, yaani 600. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji karibu miligramu 1200 kwa siku, lakini hiyo ni jumla, pamoja na ya kwenye sahani. Hapo ndipo watu wanapokosea: wanachukua hitaji la siku nzima na kulimeza lote kwa vidonge, kana kwamba mtu hali kitu. Kikombe cha maziwa au mtindi cha mililita 250 kina karibu miligramu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu nyingi sana, na ufuta nao unayo. Mchicha mnaousifia una oksaleti nyingi inayoizuia kalsiamu yake isifyonzwe vizuri. Ule, ni mboga njema, ila msiutegemee kwa hilo. Mama akinywa vikombe viwili vya maziwa au mtindi kwa siku na kula dagaa mara kwa mara, kidonge kimoja cha 600 kinamtosha kujazia, na huenda hata hicho hakihitajiki. Viwili kwa mpigo havileti faida maradufu, kwa sababu mwili hufyonza vizuri kalsiamu isiyozidi miligramu 500 au zaidi kidogo kwa wakati mmoja.

Na ndipo tunapofika kwenye mawe ya figo ya wifi. Marekani walifuatilia wanawake 36,282 waliokwisha kukoma hedhi kwa miaka saba. Nusu walipewa miligramu 1000 za kalsiamu na IU 400 za vitamini D kila siku, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotoka mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa kalsiamu walipata mawe ya figo zaidi kwa asilimia 17. Mafuta ya samaki hayakuhusika. Kalsiamu ya chakula haina sifa hiyo. Yenyewe hukutana na oksaleti utumboni, ikaishika na kutoka nayo, kwa hiyo hulinda figo. Ndiyo maana nikasema kidonge kimezwe pamoja na chakula, na mama anywe maji ya kutosha, hasa kwa joto la huko. Kama yeye au ndugu wa damu amewahi kupata mawe ya figo, amwambie daktari kabla ya kumeza kidonge kingine.

Dawa yake ya kukojoa inaongeza sababu ya kuwa waangalifu. Haidroklorothiazidi huzuia figo zisitoe kalsiamu nyingi kwenye mkojo. Peke yake haina tatizo, lakini ikijumlishwa na kalsiamu 1200 na vitamini D za chupa mbili, kalsiamu ya damu inaweza kupanda. Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kufunga na kuchanganyikiwa. Siku mtakayokwenda kliniki ombeni wapime kalsiamu ya damu na kazi ya figo pamoja na TSH. Amlodipine sina neno nayo hapa.

Mpangilio wa siku ninaoupendekeza, kliniki wakiukubali, hauhitaji kuvunja desturi ya mama. Akishaswali, kidonge cha goita peke yake na maji matupu. Kisha akae saa nzima bila chai ya maziwa. Afagie uwanja, asome, amwagilie maua yake. Baada ya hapo anywe chai na kumeza vidonge vya presha na aspirini. Kalsiamu ihamie saa saba mchana, katikati ya mlo wa wali na samaki, na mafuta kama yapo yaende nayo hapohapo. Tangu alfajiri hadi saa saba ni zaidi ya saa nne zinazotakiwa. Kisahani kibaki, ila kiwe viwili, na cha mchana kikae jikoni mbali na cha asubuhi.

Ramadhani inawezekana bila taabu kama kliniki wanaruhusu afunge. Kalsiamu itumiwe na futari. Kidonge cha goita akimeze anapoamka kwa ajili ya daku, na maji, kisha asubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Basi aamshwe mapema kidogo kuliko wengine. Daku yake isiwe ya maziwa wala mtindi, hivyo vihamishieni usiku baada ya futari. Kidonge cha kukojoa waulizeni kliniki wakipangie muda wake, maana kufunga kutwa na kupoteza maji kwa pamoja humletea mtu mzima kizunguzungu, na mfupa wa pili usivunjike kwa sababu hiyo.

Kwa wasomaji wengine wanaomeza kalsiamu, kuna dawa kadhaa zinazonaswa kama ile ya goita. Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri wameze dawa yao saa mbili kabla ya kalsiamu au madini ya chuma, au saa sita baada yake. La sivyo wavimeze vyote pamoja wakati wa kula, hapo haina shida. Kwa antibayotiki kama doksisaiklini na siprofloksasini, mwulize anayekupa dawa, na mara nyingi kalsiamu inaweza kusubiri siku hizo chache mpaka dozi iishe. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze wala asiache mafuta ya samaki bila kliniki yake kujua, ili damu yake ipimwe. Anayetumia digoksini, dawa ya moyo, asijiongezee kalsiamu mwenyewe.

Narudi kwa mama. Mtu wa miaka 66 aliyevunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu uani, na picha ikaonyesha mifupa myepesi, anastahili kuulizwa kama anahitaji dawa halisi ya mifupa. Mwombeni daktari wa mifupa alitazame hilo upya, na kama kipimo cha uzito wa mifupa kiitwacho DXA kinapatikana katika hospitali kubwa mnayoweza kuifikia, afanyiwe. Akiandikiwa alendronate, mwambieni anayetoa dawa kwamba mama ana kidonge cha goita na kalsiamu, kwa kuwa nayo humezwa tumbo tupu na haitaki kabisa kukutana na kalsiamu. Na pale uani alipoteleza patazameni: kama ni ukoga karibu na bomba, usuguliwe.

Kaka yako mpigie wewe kabla wifi hajampigia. Mwambie mama anashukuru, chupa ya kalsiamu itatumika kidogo kidogo na itachukua muda mrefu kuisha, na ile ya Cod Liver Oil asiirudie. Asitume mzigo mwingine wa virutubisho mpaka majibu ya TSH na kalsiamu ya damu yatoke. Hayo yakitoka, niandikie tena na namba zake.